Lowry na Wenzake

Juzi kijiweni nilitupa swali: ni makala gani ya kisayansi iliyotajwa na wanasayansi wengine mara nyingi kuliko zote? Mmoja akarusha jina la Einstein. Mwingine, aliyesoma biokemia chuoni, akaapa ni ile ya Watson na Crick ya 1953 kuhusu umbo la DNA. Wote chali! Jarida la Nature lilipotoa orodha ya makala 100 zilizotajwa zaidi, mwaka 2014, ile ya DNA haikuwemo kabisa. Namba moja, ikiwa imetajwa zaidi ya mara 300,000, ilikuwa makala ya kurasa 11 inayoeleza namna ya kupima protini. Basi, hicho tu.

Mwenyewe ni Oliver Lowry, Mmarekani aliyezaliwa Chicago mwaka 1910. Huyu bwana alipenda vitu vidogo. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alikuwa New York, akishirikiana na Otto Bessey kupima lishe ya watoto wa shule kwa damu kidogo tu ya kidoleni. Huko ndiko kipimo chake cha protini kilikoanzia, na wenzake wakaanza kukiazima kabla hakijachapishwa. Earl Sutherland, ambaye mwaka 1971 alikuja kupata Tuzo ya Nobel, akamsukuma: chapisha, bwana, ili nasi tuwe na kitu cha kutaja! Ikatoka mwaka 1951 katika Journal of Biological Chemistry.

Chenyewe ni hivi. Unachukua sampuli yako, unaitia kwenye maji ya magadi yenye shaba, unasubiri dakika 10. Unaongeza dawa ya Folin, unakoroga haraka, unasubiri nusu saa. Rangi ya buluu inajitokeza, na kadiri protini ilivyo nyingi ndivyo buluu inavyokolea. Sasa fikiri: kila anayechunguza vimeng'enya, awe anashughulika na ini la panya au mbegu ya kunde, hawezi kusema kimeng'enya chake kina nguvu kiasi gani mpaka aseme kiko ndani ya protini kiasi gani. Kwa hiyo wote walipita kwa Lowry, kama wauza nyama wote wanavyopita kwenye mizani.

Aliyeanza kuhesabu mambo haya ni Eugene Garfield wa Philadelphia. Alilipendekeza wazo hilo mwaka 1955, na mwaka 1964 vitabu vyake vya Science Citation Index vikaanza kutoka. Nia ilikuwa njema tu: ukiwa na makala ya zamani, ujue nani baadaye ameitaja, uifuate njia. Lakini mpe mkubwa wa ofisi namba uone! Hesabu ile ikageuka fimbo ya kupimia watu, nani apandishwe cheo na nani apewe fedha za utafiti.

Na Lowry je? Alikiri wazi kwamba makala ile haikuwa kazi kubwa, ila kipimo chenyewe kilikuwa rahisi na chepesi kuhisi kidogo kuliko vingine. Hata hivyo, kimoyomoyo alifurahi, nani asingefurahi? Lakini jasho lake hasa lilikuwa katika kupima kemia ndani ya seli moja moja ya ubongo, kwa mizani ya uzi mwembamba wa kwatzi aliyoibuni mwenyewe. Kazi hiyo haikukaribia hata robo ya hesabu ile.

Mwaka 1976 Marion Bradford alileta kipimo cha haraka zaidi, kwa rangi iitwayo Coomassie, rangi iliyotengenezwa kwa ajili ya sufi. Sikilizeni jina hilo vizuri: ni Kumasi, mji wa Waashanti ulioingiliwa na jeshi la Waingereza mwaka 1896. Makala ya Bradford ni ya tatu katika orodha ile.

Nilipowatajia jibu pale kijiweni, yule wa biokemia akajipiga paji la uso. "Aah, Lowry! Si tulikuwa tunaipima maabara kila wiki!" Nikamwambia makala ile ina majina manne juu yake; watatu wengine ni nani? Akainamia kahawa yake. Ni Nira Rosebrough, Lewis Farr na Rose Randall.