Mfuko wa manyoya kwa kulala ku mlima: angalia nini mbele ya kununua

Goma iko karibu mita 1500 juu ya bahari, kilele cha Nyiragongo mita 3470. Kila mita 1000 mtu anapanda, joto linapunguka karibu nyuzi 6. Usiku ambao wa mjini anajifunika shuka moja, mubebaji wa mizigo kule juu anatetemeka.

Mfuko wa kulalia wa manyoya laini ya bata ni mwepesi, unakunjika mdogo ndani ya sakado, na unatia joto kupita wa nyuzi za plastiki wenye uzito uleule. Lakini manyoya yakilowa yanashikana, joto linakwisha. Na ku milima ya Kivu, mvua ndiyo adui, mbele ya baridi. Mwenye kuchagua manyoya aufunge ndani ya sashe mbili. Anayebeba vya watu chini ya mvua, wa nyuzi unamfaa zaidi, hata kama ni mzito.

Namba ya chini kabisa kwenye lebo ni ya kuokoa roho tu, haiko ya kulala. Ufuate ile ya kulala vizuri. Chini tandika mkeka wa sponji, sababu manyoya yaliyolaliwa hayatie joto. Nyumbani, uutundike, usiuache umekunjwa.