Kwa Nini Kijana wa Rumonge Anaandika "Pikipiki"

Mradi wa kujitegemea ukifika hapa Nakivale, vijana wanakuja kwangu na fomu ili niwasaidie kujaza. Kuna sehemu inauliza unaomba shughuli gani, na chini yake imeshaandikwa: mbuzi, kuku, cherehani, saluni, kioski. Wewe unaweka alama tu. Sasa vijana waliotoka Rumonge, Magara, Minago, Nyanza-Lac, ule ukanda wote wa ziwa, wengi hawaweki alama. Wanaandika pembeni kwa kalamu: pikipiki. Mwaka jana mtumishi mmoja wa mradi alinirudishia fomu tisa za namna hiyo, akaniuliza kama hii ni fasheni au ni nini, maana pikipiki inakula pesa na mbuzi anazaa. Swali lake si baya. Kuhusu pesa amesema kweli, nitaonyesha huko chini. Lakini fasheni si jibu, na jibu lenyewe linaanza kabla sisi hatujazaliwa.

Enzi za babu zetu pikipiki haikuwa mali ya mtu, ilikuwa mali ya kazi. Ilikuwa ya padri, ya mganga wa zahanati, ya agronomu anayepita kwenye michikichi. Mtu wa kawaida akijitahidi sana alipata ikinga, yaani baiskeli, na hiyo ikinga ilipanda na kushuka kati ya Imbo, kule bondeni kando ya ziwa, na vilima vya Mirwa juu, imebeba ndizi, mawese, mihogo. Kushuka ilikuwa hatari, kupanda ilikuwa kusukuma. Anayejua njia ya kutoka Rumonge kupanda Burambi au Buyengero hahitaji maelezo.

(Neno lenyewe pia lina mambo. Sisi wa Rumonge tunasema pikipiki, kwa sababu Kiswahili kwetu ni cha sokoni na cha nyumbani pia, tangu wafanyabiashara wa pwani walipokuwa wanavuka kutoka Ujiji. Wa Bujumbura waliosoma Kifaransa wanasema moto. Mtanzania ukimwambia umeacha moto nje ya nyumba yake, anakimbia kutafuta maji.)

Mashine yenyewe ilibadilika ili ifike kwa watu kama sisi. Mwaka 1976 Honda walitoa CG125. Mainjinia wao walikuwa wameona kwamba kwenye nchi nyingi maskini mtu anapakia kupita kipimo, oili habadilishi kwa wakati, na fundi ana spana tatu. Pikipiki yao ya zamani, CB125, ilikuwa haivumilii maisha hayo. Basi wakatengeneza injini nyepesi kufungua, ngumu kufa. Baadaye Wachina wakaiga injini hiyo kwa wingi, na Wahindi wakaja na zao, TVS na Bajaj. Bei ikashuka. Pikipiki ikatoka kwa padri ikaanza kumtazama kijana wa kawaida.

Lakini bei peke yake haielezi. Lazima nizungumze habari ya ardhi, na naomba wasomaji wenzangu wa kambi wanivumilie, maana hii habari kila nyumba inaisimulia kivyake.

Tarehe 29 Aprili 1972 uasi ulianzia kwetu, Rumonge na Nyanza-Lac. Waasi waliua Watutsi, kisha jeshi la serikali ya Micombero likaua Wahutu kwa miezi, nchi nzima. Watu wa ukanda wa ziwa wakavuka. Wengi waliishia Tanzania, kwenye makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo, na huko wakazaa, wakalima, wakazeeka. Nyuma yao mashamba hayakubaki wazi. Mengine walipewa watu wengine, mengine yakaingizwa kwenye miradi ya serikali ya michikichi. Mawese ya Rumonge yanajulikana Burundi yote, lakini chini ya michikichi mingi kuna mwenyewe aliyekimbia.

Mapatano ya Arusha ya mwaka 2000 yalisema wakimbizi warudi na wapate mali zao. Ni maneno mazuri. Mwaka 2006 ikaundwa tume ya ardhi, CNTB. Wa 1972 wakaanza kurudi kwa maelfu, hasa kuanzia 2008, na huku wengine zaidi ya 160,000 wakabaki Tanzania wakapewa uraia. Aliyerudi Rumonge alikuta nyumba ya mtu juu ya kaburi la babu yake. Na huyo mwenye nyumba naye alikuwa na karatasi ya serikali na watoto waliozaliwa hapo hapo. Kuna familia ziligawana shamba nusu kwa nusu, kisha tume ikabadilisha uamuzi, kisha wakarudi tena mahakamani. Watoto wa pande zote mbili walijifunza jambo moja: shamba unaweza kulilima miaka thelathini, na siku moja mtu akaja akakuambia si lako.

Hapo ndipo pikipiki ilipoingia. Vita vya miaka ya 1990 vilipopungua, njia ya RN3 ikaanza kupitika bila kuogopa kuviziwa. Burundi ikaingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007. Kazi ya boda ilikuwa imeshaenea kwa majirani, jina likiwa limetoka mpakani Busia, kati ya Uganda na Kenya, ambako vijana wa baiskeli walivusha watu toka mpaka hadi mpaka. Kenya waliondoa kodi ya pikipiki ndogo mwaka 2008, na Tanzania wakaweka kanuni za kubeba abiria mwaka 2010. Kwetu nako vijana waliokuwa wanangoja kurithi kipande cha shamba chenye kesi wakaona kitu kingine. Pikipiki ina karti rozi, na kwenye karti rozi kuna jina lako peke yako. Hakuna babu wa mtu aliyezikwa chini yake. Baba mdogo wangu alikuwa anaiita shamba lenye magurudumu, na hakuwa anatania.

Na shamba hilo lilikuwa na misimu kama mengine. Watu wa mashirika wengi wanadhani mwenye pikipiki anapata pesa sawa kila siku, lakini kwetu kipato chake kilifuata mwezi wa angani. Wavuvi wa ndagala (ndizo dagaa za Kigoma, ziwa ni moja) wanavua usiku kwa taa. Giza likiwa zito samaki wanafuata taa, mbalamwezi ikiwaka hawaji, basi siku za mwezi mpevu wavuvi wanapumzika na mitumbwi inalala mchangani. Kwa hiyo wiki za giza, saa kumi na moja alfajiri, pikipiki zilikuwa zimejipanga ufukweni kama ng'ombe kwenye birika. Kina mama wenye makarai ya ndagala na mukeke wanataka kuwahi soko la juu kabla jua halijaharibu. Anayewahi kwanza anauza vizuri, na anayewahi ni aliyepanda pikipiki. Wiki ya mbalamwezi unabeba mawese, wanafunzi, wagonjwa, na mengine ni kukaa kivulini mkipiga soga. Vijana wenye akili walibadilisha cheni na tairi wiki ya giza wakiwa na pesa, hawakungoja.

Sasa hesabu. Pikipiki ndogo ya kazi inakula kama lita mbili za petroli kwa kilomita 100, barabara ikiwa nzuri na mzigo wa kawaida. Rumonge hadi Bujumbura ni kama kilomita 75, kwa hiyo kwenda na kurudi weka lita tatu na zaidi. Hiyo ni sehemu rahisi. Baadaye inakuja oili, ambayo ukiikosa mara mbili injini inakulipiza. Kuna cheni na meno yake, bleki, plagi, tyubu, kebo ya klachi, taa. Kuna asiransi, kuna perimi, na kuna bariyera, ambapo hata ukiwa na karatasi zote unaweza kuambiwa kioo chako kimegeuka vibaya. Na kama pikipiki si yako, jioni unampelekea mwenyewe vereseman, iwe ulipata au hukupata. Watanzania wanaiita hesabu. Nao wana mkataba: unapeleka hesabu kila siku kwa muda mliokubaliana, mwaka na zaidi, halafu pikipiki inakuwa yako, ikiwa imeshachoka kama wewe.

Kwa hiyo ndiyo, inakula. Gharama kubwa kuliko zote hata haina risiti. Pale Gitaza mlima umebana barabara kwenye ziwa, mvua ikinyesha mawe na tope vinashuka, na waliokufa hapo wengi tunawajua kwa majina. Vijana waliobaki na mguu mmoja tunao, Rumonge na hapa Nakivale. Mimi sitaki kuandika pikipiki kama wimbo wa arusi.

Mwaka 2015 ndio ulioonyesha udhaifu wa shamba lenye magurudumu. Aprili ile rais Nkurunziza aligombea muhula wa tatu, maandamano yakaanza Bujumbura, na Mei tulikuwa tunavuka. Sisi wa kusini tuliingia Kagunga, kijiji cha Tanzania kilichobanwa kati ya mlima na maji, hakina barabara ya gari. Watu makumi ya maelfu kwenye ufukwe mdogo, kipindupindu kikaingia. Tulitolewa hapo kwa meli Liemba, ile ile ambayo Wajerumani waliitengeneza mwaka 1913, wakaizamisha wenyewe 1916 na Waingereza wakaja kuiinua. Meli iliyokaa chini ya ziwa miaka ikarudi kazini! Wazee waliipenda sana habari hiyo. Lakini haikuja kubeba pikipiki. Nyingi ziliuzwa wiki ile kwa bei ya kutupa, kwa mtu yeyote aliyekuwa habanduki. Nyingine ziliachwa kwa jirani. Baba mdogo aliiacha kwa rafiki yake, akaondoka na ufunguo na karti rozi ndani ya mfuko wa nailoni. Karatasi za shamba la babu alizisahau. Nimefikiria sana jambo hilo.

Tanzania tulikaa miaka, na kule kutoka nje ya kambi lazima uwe na kibali. Tatizo la pesa ni moja, lakini pikipiki isiyoruhusiwa kuvuka geti ni kiti tu. Hapo ndipo nilielewa kwamba tulichopoteza ni kuamka na kuamua leo naenda Nyanza-Lac, kilomita kama 50, msitu wa Kigwena unapita upande, na jioni nimerudi na sukari. Mtu aliyewahi kuwa na hilo haliachi, hata akiwa na miaka sitini. Wazee wetu hapa wanasimama kabisa kusikiliza injini inayopita, wakibishana ni Boxer au TVS.

Waliobaki Burundi nao hawakupumzika. Mafuta yamekuwa haba miaka hii, foleni za vituo zinalala usiku, na petroli inaletwa kwa vidumu kutoka Uvira na kutoka upande wa Kigoma. Machi 2022 serikali ilizuia pikipiki, bajaji na baiskeli kuingia katikati ya Bujumbura. Mchana mmoja tu, na aliyekuwa amekopa kununua pikipiki akabaki na mkopo na mtaa wa pembeni. Walinyimwa njia, na pikipiki zao walikuwa nazo mkononi.

Uganda ni tofauti, na tusiseme vibaya pale palipo pazuri. Sheria ya wakimbizi ya mwaka 2006 inamruhusu mkimbizi kutembea na kufanya kazi. Nakivale ni kubwa mno. Kutoka Base Camp hadi Rubondo kwa miguu na mtoto mgonjwa mgongoni ni adhabu. Kwa hiyo boda hapa ni gari la wagonjwa, ni posta, ni basi la shule. Shamba tunalolima ni la kupewa na linaweza kupunguzwa wageni wakija, lakini pikipiki unaweza kuinunua. Tena pagumu. Boxer mpya inapita shilingi milioni 5 taslimu, na kwa mkopo wa kila wiki inapanda sana. Ukikosa wiki mbili wanakuja kuichukua. Na kuna ada ya kuingia kwenye steji kabla hujapakia abiria wa kwanza. Nawajua vijana ambao pikipiki waliinunua wao, kitabu kina jina la mtu mwingine kwa sababu walihofia karatasi zao za ukimbizi zitakataliwa. Hao ndio wananiumiza zaidi, kwa sababu wamerudi kwenye ugonjwa ule ule wa Rumonge, kulima shamba lenye jina la mtu.

Nilimwambia yule mtumishi wa mradi kwamba kama hawezi kutoa pikipiki, asiwape mbuzi anayemjua mwisho wake (anauzwa wiki ya pili ili kulipia sehemu ya mkopo wa pikipiki, mimi mwenyewe nimemwona). Alipie perimi. Alipie helmeti mbili, ya dereva na ya abiria. Alipie mafunzo ya ufundi, na amsindikize kijana mpaka ofisi ya usajili ili jina lake liandikwe. Alisema atapeleka wazo juu.

Sisi hatukungoja. Kikundi chetu cha akiba kina watu 14, Warundi kumi na moja na Wakongo watatu, tunaweka pesa kila Jumamosi baada ya mpira. Pikipiki ya kwanza ni iliyotumika, fundi tayari ameifungua injini akatuonyesha ndani. Watu watatu wa mwanzo kuendesha wamepigiwa kura. Mmoja ni dada wa Birimba, Rumonge, ambaye mama yake alikuwa akiuza ndagala na kulipa pikipiki kila alfajiri ya giza. Ameanza kujifunza gia kwenye uwanja wa shule, jioni, wavulana wakishatoka.