Pishi ya Kompyuta



Pishi ni vibaba vinne, leo na kesho. Muuza mchele akiipunguza kwa siri, mnunuzi amepunjwa. Wiki hii nataka tuitazame pishi ya kompyuta.

Mwaka 1984 Reinhold Weicker wa kampuni ya Siemens, Ujerumani, alitoa programu ndogo iitwayo Dhrystone. Kazi yake ni kupima mwendo: kompyuta huizungusha mara nyingi, kisha huhesabiwa mizunguko ya kila sekunde. Mashine ya VAX 11/780 ilipata mizunguko 1,757, na nyingine zikalinganishwa nayo.

Kisha werevu ukaingia. Kompaila, yaani programu zinazogeuza maandishi ya mtunzi kuwa amri za mashine, zilitambua kwamba baadhi ya majibu ya Dhrystone hayatumiki popote. Zikairuka kazi hiyo! Tarakimu zikapanda, na mashine ni ile ile.

Mwaka 1988 Weicker akatoa toleo la pili, likatulia kwa namba 2.1. Hakukusudia kubadili mzigo wenyewe. Alifanya majibu yachapishwe mwishoni, ili isiwe rahisi kazi kurukwa.

Mwaka huo huo makampuni yaliunda shirika la SPEC, ambalo mwaka 1989 lilitoa kipimo chenye programu 10. Mojawapo, matrix300, ilizidisha majedwali ya namba. Kompaila zikajifunza njia ya mkato, alama zake zikaruka mara kadhaa. Katika toleo la 1992 ikaondolewa hadharani.

Mimi naona hapo ndipo palipo somo. Kutoa toleo thabiti si kudai kwamba kipimo kitafaa milele. Ni kuweka ahadi: maadamu kina namba hii, hakuna atakayekigusa, kikichakaa, kitastaafishwa mbele ya watu, na kipya kitapewa jina lake. Kinachorekebishwa kimya kimya hakimfai yeyote, maana tarakimu za jana na za leo haziwezi kukaa mizani moja.

Basi wewe uliyekabidhiwa fedha za umma ununue kompyuta za ofisi, usitishwe na tarakimu kubwa. Muulize muuzaji: ni kipimo gani, toleo lipi, kompaila ipi? Akisitasita, funga mkoba.

Hadi wiki ijayo, kwaherini.