Udongo wa polima: mapambo ya plastiki yasiyofaa kuchomwa kwenye mkaa

Katika video za kazi za mikono zinazozunguka kwenye simu, mara nyingi utamwona mtu akikanda donge la rangi, akilikata vipande, akivitoboa na kuvioka kwa muda mfupi. Zinatoka hereni, mikufu na bangili za kupendeza. Kazi yenyewe inafundishika kwa siku chache. Hata hivyo, jina la malighafi hiyo linapotosha. Udongo wa polima si udongo, ni plastiki. Anayeuchoma kama mfinyanzi anavyochoma chungu atapoteza mtaji wake, na anaweza kuvuta moshi wa sumu.

Udongo wa polima ni nini?

Ni chembechembe za plastiki aina ya PVC, ileile inayotengenezewa mabomba ya maji, zikiwa zimechanganywa na vilainishi na rangi. Hauna haja ya maji na haukauki kwa hewa. Hubaki laini hadi utakapopata joto, kisha chembe zake hushikana na kuwa kitu kimoja kigumu.

Nchini Ujerumani, binti wa Käthe Kruse, mtengenezaji mashuhuri wa wanasesere, aliufanyia majaribio na baadaye ukaingia sokoni kwa jina la FIMO. Nchini Marekani aina nyingine, Sculpey, ilianza kuuzwa katika miaka ya 1960.

Joto ndilo jambo kuu

Chungu cha udongo wa kawaida huhitaji joto la zaidi ya nyuzi 600 za Selsiasi ili kiive. Udongo wa polima, kwa aina nyingi, huokwa kati ya nyuzi 110 na 130, kwa dakika 15 hadi 30 kutegemea unene wake. Kiwango halisi huandikwa kwenye pakiti. Kisome kabla ya kuanza, kwa sababu aina hutofautiana.

Joto likipungua, pambo litaonekana gumu lakini litavunjika likivaliwa. Maji yanayochemka hayazidi nyuzi 100, kwa hiyo kuchemsha hakutoshi. Joto likizidi, rangi hugeuka kahawia, na likizidi sana plastiki huungua na kutoa gesi ya hidrojeni kloridi, inayowasha macho na koo na kuumiza mapafu. Makaa yanayowaka yana joto la mamia ya nyuzi, na huwezi kulipima kwa jicho. Ndiyo sababu jiko la mkaa au la kuni halifai kwa kazi hii. Kinachohitajika ni oveni na kipimajoto cha kuweka ndani yake.

Ukiona moshi au kusikia harufu kali, zima oveni, fungua milango na madirisha, watoe watu nje na usubiri hewa isafike.

Hatua za kazi

1. Kanda udongo kwa mikono safi hadi uwe laini na usipasuke ukiukunja. Anza na rangi nyeupe, malizia na nyeusi, kwa kuwa rangi huhamia mikononi.
2. Viringisha shanga za ukubwa mmoja. Ukitaka maua au mistari, panga rangi pamoja katika mche mrefu, kisha ukate vipande vyembamba: kila kipande kitakuwa na mchoro uleule.
3. Toboa kwa sindano au kijiti cha meno kabla ya kuoka.
4. Panga juu ya kigae na uoke kwa kufuata pakiti.
5. Acha vipoe, sugua kwa msasa laini uliolowa maji, kisha funga uzi au kulabu za hereni.

Jaribu kwanza kipande kimoja chembamba. Kikiiva vizuri kitapinda kidogo bila kukatika.

Tahadhari nyumbani

Kisu, ubao au sahani iliyotumika kwa kazi hii isirudi kwenye chakula. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula. Usitengeneze vikombe wala vijiko. Weka udongo usiookwa mbali na jua na mbali na watoto wadogo.

Kama huna oveni

Zipo njia mbili za karibu. Ya kwanza ni kuchanganya wanga mweupe wa mahindi na gundi nyeupe ya mbao kwa vipimo sawa, ukiongeza matone ya mafuta na siki, kisha kukanda hadi uwe kama donge la chapati. Mapambo yake hukauka kwa hewa kwa siku moja hadi tatu, lakini yanaharibiwa na maji, kwa hiyo yapakwe vanishi. Mchanganyiko huu pia si wa kuliwa.

Ya pili ni udongo halisi unaochomwa tanuruni. Karakana ya Kazuri, jijini Nairobi, ilianza mwaka 1975 kwa kutengeneza shanga za udongo, ikiwa na wanawake wawili tu, na baadaye ikakua hadi kuajiri mamia.

Piga hesabu kabla ya kununua

Pakiti ndogo ya gramu 57 hutoa takriban shanga 28 za gramu mbili kila moja. Gawanya bei ya pakiti kwa 28 upate gharama ya ushanga mmoja. Ongeza uzi, kulabu, umeme, nauli na malipo ya saa zako. Jumla ikizidi bei ambayo mnunuzi wa soko lako yuko tayari kutoa, biashara hiyo haitakulipa, hata mapambo yakiwa mazuri namna gani. Kwa wengi, oveni ndiyo gharama kubwa. Kikundi kinaweza kuchanga kununua moja ndogo, itakayotumika kwa mapambo pekee, na kuuza sampuli chache kabla ya kuagiza pakiti nyingi.