Barua ya Mfano

Nilipokuwa darasa la tano pale Tanga, majirani wa bibi yangu walikuwa wakija jioni na bahasha na karatasi ya mistari ili niwaandikie barua. Wao wanasema, mimi naandika. Mwanzo wake haukuwa na mjadala: mimi mzima wa afya, hofu na mashaka ni juu yako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu. Siku moja mama mmoja, ambaye mwanawe alikuwa akifanya kazi melini, alinigusa bega. "Mwanangu, sasa andika kama ninavyosema mimi," akaniambia, "usiandike kama shuleni." Nimehariri vitabu vya kujifunzia Kiingereza kwa miaka 23, na agizo lile la kibarazani bado ndilo ninaloanza nalo kila mswada.

Fungu langu katika vitabu hivyo ni sura za kuandikiana. Zamani sura hiyo iliitwa barua tu. Ikaja kuwa barua na barua pepe. Siku hizi ni barua pepe, ujumbe wa simu na mazungumzo ya makundi. Mtu akiniambia kazi hii imeanza na intaneti, humpeleka London ya karne ya 18.

Vitabu vya barua za mfano vilikuwapo Uingereza hata kabla ya hapo. Cha William Fulwood kilitoka mwaka 1568 na cha Angel Day mwaka 1586. Ila anayenivuta mimi ni Samuel Richardson, mchapaji, mtoto wa seremala. Alisimulia mwenyewe kwamba akiwa na miaka kama 13, wasichana watatu walimtumia kuwatungia majibu ya barua za wachumba wao, kila mmoja kwa siri yake. Nikisoma habari hiyo nakiona kibaraza cha bibi. Alipofikia miaka 50, wauza vitabu wawili walimwomba awatungie watu wa mashambani barua za kuigiza. Kitabu kilitoka mwaka 1741, kikiwa na barua 173. Juu ya kila barua aliandika ni ya nani, inakwenda kwa nani, na kwa shida gani. Moja ni ya baba kwa bintiye aliye mtumishi wa ndani, baada ya kusikia kwamba bwana wa nyumba anamvizia. Jambo hilo la baba na binti halikumtoka kichwani, akaiweka kando kazi ya barua na kuandika riwaya ya Pamela, iliyotangulia kutoka mwaka 1740.

Angalieni vile vichwa vya juu. Richardson hakumpa msomaji maneno matupu. Alimpa watu wawili na jambo lililo baina yao, kisha maneno yakafuata.

Kiingereza cha barua kilichotufikia huku kwetu wakati wa ukoloni kilikuja bila watu hao. Kilikuja kama sare: anwani kulia, tarehe chini yake, na mwishoni mwandishi anajiita mtumishi mtiifu wa mpokeaji. Ofisi zetu zilikivisha Kiswahili, tukapata "Wako mtiifu", tukapata YAH: kwa herufi kubwa, na "Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu". Kisha wanafunzi wetu wakairudisha sentensi hiyo kwa Kiingereza neno kwa neno, "the above heading is concerned", nayo haimwambii Mwingereza chochote. Nimeifuta kwenye miswada mara zisizohesabika, na kila ninapoifuta najua haikutokana na uvivu. Imetokana na adabu iliyosafiri bila ramani.

Waliotunga kamusi walikutana na shida hiyohiyo. A. S. Hornby alikuwa mwalimu wa Kiingereza Japani, na kamusi yake ya wanaojifunza lugha ilichapwa Tokyo mwaka 1942, kisha Oxford wakaitoa upya mwaka 1948. Ilikuwa hatua kubwa, kwa maana ilimwonyesha mgeni jinsi kitenzi kinavyotumika, si maana yake pekee. Lakini mifano katika vitabu vya namna hiyo kwa sehemu kubwa ilitungwa mezani. Mwaka 1987 John Sinclair na wenzake wa Chuo Kikuu cha Birmingham walitoa kamusi ya COBUILD, iliyojengwa juu ya mamilioni ya maneno yaliyokusanywa kwenye matini halisi na kuhifadhiwa kwenye kompyuta. Sharti lao lilikuwa kwamba mfano uwe umewahi kuandikwa au kusemwa na mtu kweli. Nilipolielewa sharti hilo nilimkumbuka yule mama wa Tanga.

Barua pepe nayo haikuzuka hewani. Ray Tomlinson alituma ujumbe wa kwanza kati ya kompyuta mbili za mtandao mwaka 1971, na umbo ambalo barua pepe ilikuja kulichukua lilifuata karatasi za ofisini. Ile "cc" ni nakala ya karatasi ya kaboni, "Nakala kwa" ya barua zetu za serikali. Na "Re:" inayojitokeza ukijibu, ambayo hata walimu huamini ni kifupi cha neno la Kiingereza la kujibu, ni Kilatini. Waraka wa kanuni za barua pepe wa mwaka 2008, RFC 5322, unaeleza kwamba maana yake ni "kuhusu jambo fulani". Ndiyo YAH yetu hiyohiyo.

Oktoba 1995 ulitoka waraka mwingine, RFC 1855, wa adabu za mtandaoni, ulioandaliwa na Sally Hambridge. Unasema herufi kubwa tupu ni sawa na kupiga kelele. Unataka mstari usifike alama 65. Mashauri kama hilo la mstari yamepitwa na wakati. Lililobaki hai ni lile linalomkumbusha mwandishi kwamba anayeupokea ujumbe ni binadamu mwenye utamaduni na lugha yake, na kwamba nahau na namna ya kuandika tarehe huenda zisifike salama ugenini.

Laiti ningeusoma mapema. Mwaka 2006 niliidhinisha sura iliyokuwa na barua pepe ya mfano ya kuomba kazi. Ilianza na S.L.P. ya mwombaji upande wa kulia, ikafuata S.L.P. ya mwajiri kushoto, kisha tarehe, kisha RE: kwa herufi kubwa. Ilikuwa barua ya karatasi iliyobadilishwa jina. Miaka kadhaa baadaye ndugu yangu mmoja alinionyesha kwenye simu maombi yaliyofika ofisini kwao. Anwani zilizosukumwa kulia kwa kubonyeza nafasi mojamoja zilikuwa zimekatikakatika, neno huku, namba kule. Sehemu ya kichwa cha ujumbe ilikuwa tupu, kwa sababu mfano wetu uliweka kichwa ndani ya barua. Vijana walikuwa wamefuata kitabu kwa uaminifu kabisa. Ile sura ilinipita mimi, na imeniuma tangu siku hiyo.

Tahajia nayo huhama. Shirika la habari la Associated Press liliondoa kistari katika "e-mail" mwaka 2011, na mwaka 2016 likaacha herufi kubwa ya "internet". Vifupisho vinasumbua zaidi. OMG imo katika barua ambayo Amirali Lord Fisher alimwandikia Winston Churchill mwaka 1917. Na mwaka 2012, mbele ya tume ya Leveson iliyochunguza magazeti ya Uingereza, Rebekah Brooks, aliyewahi kuwa mhariri wa gazeti, alieleza kwamba David Cameron, waziri mkuu wa nchi hiyo wakati huo, alikuwa akimalizia ujumbe wake kwa LOL akidhani ni salamu za upendo, mpaka alipoambiwa kwamba ni kicheko. Ndiyo maana kifupisho hakipiti mezani kwangu bila kuambatana na mwaka na watu wanaokitumia.

Juzi kijana mmoja aliniletea mswada wenye ujumbe wa mfano: mwanafunzi anamwambia mwalimu, kwa "Hi" na mstari mmoja, kwamba leo haji. Niliandika pembeni: Nani anamwandikia nani? Akanipigia.

"Shikamoo, mama. Lakini Waingereza ndivyo wanavyoandika."

"Marahaba, mwanangu. Waingereza wepi, na kwa nani?"

Baada ya wiki alirudi na jumbe tatu za dada yake, muuguzi huko Leeds, aliyeturuhusu kuzitumia tukibadilisha majina. Ule aliomwandikia mwenye nyumba ulianza kwa jina lake la kwanza, ukaingia moja kwa moja kwenye shida, ukaishia na asante. Mistari minne. Tukaupa kichwa: Mpangaji kwa mwenye nyumba, wamefahamiana miaka miwili, bomba la jikoni linavuja tangu Jumamosi.