Likizo juu ya Tandiko: Farasi wa Upande wa Lewa

Likizo ya farasi ni safari ya siku kadhaa ambayo mgeni huipita nchi akiwa juu ya tandiko, leo analala kambi hii na kesho ile, mizigo yake ikitangulia kwa gari. Kuzungushwa ufukweni dakika kumi na kupigwa picha ni jambo jingine. Kwa mkazi wa Majengo, Meru, aliyezoea punda wa mkokoteni, hii ni anasa ya ng'ambo. Kumbe wa ng'ambo ndio wanaoifuata huku. Ukishika barabara ya Nanyuki, kabla ya Timau utaziona nyanda za Lewa zimelala chini, upande wa kulia. Zamani Lewa ilikuwa ranchi ya ng'ombe. Mwaka 1983 sehemu yake ikatengwa kulinda faru, na mwaka 2014 ua kati yake na hifadhi jirani ya Borana ukaondolewa. Wageni hupanda farasi pande zote mbili.

Farasi hawakukaa huko kwa bahati. Wadudu ndio waliowapangia makazi. Mbung'o huleta nagana, na usubi, kadudu kadogo kuliko mbu, hueneza virusi vya maradhi ya farasi ya Kiafrika. Farasi asiyechanjwa akiambukizwa mara nyingi hufa, tena kwa siku chache, ilhali punda milia hubeba virusi hivyohivyo na kuendelea kula majani. Ndiyo maana farasi hufugwa nyanda za juu, huchanjwa, na hurudishwa bandani kabla ya magharibi, saa ambayo usubi huanza kuuma. Ndiyo maana pia mizigo ya misafara ya zamani kutoka pwani ilibebwa na vichwa vya wapagazi, wala si migongo ya wanyama.

Kuna mtu aliyejaribu kuupita mtego huo kwa njia ya pembeni. Raymond Hook, mlowezi wa Nanyuki, alizalisha chotara wa punda milia na farasi, akawatumia kupandisha mizigo Mlima Kenya. Walikuwa wagumu na wavumilivu, ila hawazai. Kila kizazi kilibidi kianzwe upya.

Raha ya safari yenyewe iko katika ukaribu. Twiga anayelitazama gari kwa mashaka humwacha farasi asogee, kwa kuwa anachokiona ni mnyama wa miguu minne. Lakini ndovu au nyati akibadili nia hakuna mlango wa kufunga, kwa hiyo waandaaji hutaka mgeni anayejua kwenda matiti bila kurukaruka kama gunia, na kwenda shoti bila kung'ang'ania shingo. Wengi huweka pia kikomo cha uzito, mara nyingi kati ya kilo 80 na 95. Si dharau. Mgongo unaobeba ni wa farasi.

Anayestahili kutazamwa asubuhi ni saisi. Farasi mjanja hujaza pumzi tumboni anapofungwa mkanda wa tandiko. Saisi hasemi kitu. Humtembeza hatua chache, humngoja ashushe pumzi, kisha huukaza tena tundu mbili. Mgeni mwenye haraka akipanda kabla ya hapo, tandiko humgeukia na kumning'iniza ubavuni.

Mkenya atakayetaka kuifanya safari hii nje ya nchi ana Lesotho, ambako farasi mdogo wa Kibasotho bado ni usafiri wa watu wa milimani, wala si wa watalii tu. Iceland ni mbali zaidi, na masharti yake ni makali. Hatamu na matandiko yaliyokwisha kutumika hayaingii nchini. Nguo na viatu vya kupandia sharti vifuliwe na kuuliwa vijidudu. Hakuna farasi anayeingizwa kutoka nje. Na farasi wa Iceland akishatolewa nchini, hata kama alipelekwa kwenye mashindano na akashinda, haruhusiwi kurudi kwao.