Mkono Hufuata Mamlaka: Kuhusu Dai Kwamba Wanawake ni Wakatili Kuliko Wanaume

Katika vijiwe vya bodaboda vya Gongo la Mboto, Dar es Salaam, kuanzia kituo cha daladala hadi njia za Ulongoni, nimelisikia dai hili mara nyingi, tena likisemwa kwa uhakika: siku hizi wanawake ndio wakatili. Msemaji atataja mume aliyemwagiwa maji ya moto mtaa wa pili, kisha ataongeza kwamba wanaume wanapigwa ila wanaona haya kusema. Wasomi wengi hulipuuza dai hili, na nadhani wanakosea. Sehemu yake moja ni kweli kabisa. Mwanamume aliyeumizwa na mkewe ana kazi nzito kusimama kaunta ya polisi akiomba fomu ya matibabu ya PF3 huku waliopo wakimtazama usoni. Maumivu yake si mzaha. Lakini kutoka kwenye ukweli huo hadi kwenye hitimisho kwamba wanawake wamewazidi wanaume kwa ukatili ni safari ndefu, nayo inahitaji kupimwa hatua kwa hatua.

Tuanze na mauaji, kwa sababu maiti haifichwi na haya. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2013 kuhusu mauaji duniani, ikitumia takwimu za nchi 53, ilionyesha kuwa takribani asilimia 95 ya waliotiwa hatiani kwa kuua walikuwa wanaume. Waliouawa nao wengi wao ni wanaume, karibu 8 katika kila 10, na hapa anayetetea wanaume ana haki ya kusikilizwa: mwanamume ndiye anayekufa zaidi. Ila anauawa na mwanamume mwenzake. Tukiingia ndani ya nyumba picha inageuka. Kwa mujibu wa ripoti iliyofuata, ya 2019, katika kila watu 100 waliouawa na wenzi wao mwaka 2017, 82 walikuwa wanawake.

Mtu wa kijiweni anaweza kujibu kwamba mauaji ni nadra, yeye anazungumzia makofi ya kila siku. Hoja hiyo ni nzito, na ina watafiti nyuma yake. Tangu miaka ya 1970 Murray Straus na wenzake nchini Marekani waliwauliza wanandoa nani amempiga nani, wakakuta idadi zinakaribiana. Mwaka 2000 John Archer alikusanya tafiti nyingi za aina hiyo, akaona kuwa wanawake walikiri kuinua mkono hata kidogo zaidi ya wanaume. Takwimu hiyo hunukuliwa sana. Inayoachwa ni iliyo pembeni yake katika kazi hiyohiyo: kati ya walioumizwa, asilimia 62 walikuwa wanawake. Ukihesabu makofi bila kuhesabu majeraha, kofi la anayejitetea na kipigo cha anayetawala vitapewa alama sawa.

Jirani zetu Kenya wametupa mfano ulio wazi zaidi. Utafiti wao wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2014 uliwauliza wanawake na wanaume kama waliwahi kufanyiwa ukatili wa kimwili tangu wakiwa na miaka 15. Asilimia 45 ya wanawake walisema ndiyo, na asilimia 44 ya wanaume wakasema ndiyo. Hapo mtu angeweza kufunga mjadala na kutangaza sare. Lakini walipoulizwa nani aliyewapiga, wanawake waliwataja waume zao kuliko mtu mwingine yeyote, ilhali wanaume waliwataja wazazi, walimu na watu wengine. Kwa upande wa ukatili wa kimwili au wa kingono kutoka kwa mwenzi, walioupata walikuwa asilimia 39 ya wanawake waliowahi kuolewa, na asilimia 9 ya wanaume. Hiyo tisa si sifuri. Ni watu wengi, na wanastahili dawati linalowapokea. Lakini haiwi thelathini na tisa kwa kurudiwa kijiweni.

Kwetu Tanzania hali haiko mbali na hiyo. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliochapishwa mwaka 2005 ulikuta kwamba asilimia 41 ya wanawake wa Dar es Salaam waliowahi kuwa na mwenzi, na asilimia 56 ya wale wa Mbeya, walikuwa wamepigwa au kulazimishwa ngono na wenzi wao. Haya yalitokea miaka thelathini baada ya Sheria ya Ndoa ya 1971, ambayo kifungu chake cha 66 kinatamka kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kumpiga, hata kama mila inasema vingine.

Je, basi wanawake hawana ukatili? Hapana, na hapa ndipo ninapoachana na baadhi ya wanaharakati ninaowaheshimu. Ukatili wa wanawake upo, ila kijiwe kinautafuta mahali pasipo pake. Kinamtazama mume, wakati mkono wa mwanamke huangukia pale alipo na mamlaka: kwa mtoto na kwa dada wa kazi.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 kuhusu ukatili dhidi ya watoto ulikuta karibu robo tatu ya Watanzania, wa kike na wa kiume, wamefanyiwa ukatili wa kimwili kabla ya kutimiza miaka 18. Baba na mwalimu wamo, na mama yumo. Hili linaeleza takwimu nyingine inayowashangaza wengi: mwaka 2015-16 asilimia 58 ya wanawake nchini waliona mume ana sababu ya kumpiga mke, kwa mfano akiunguza chakula au akitoka bila kuaga, wakati wanaume waliokubali walikuwa asilimia 40. Sioni humo asili ya kike inayopenda kipigo. Naona watu waliolelewa wakiamini kwamba aliye juu anamwadabisha aliye chini, na ambao wenyewe, wakifika juu ya mtu yeyote, wataishika fimbo ileile. Sheria nayo imewaachia nafasi. Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza adhabu za kikatili, lakini inavumilia adhabu ya kiasi kulingana na umri. Mke analindwa moja kwa moja, mtoto analindwa kwa masharti.

Dada wa kazi ana ulinzi mdogo hata kuliko mtoto wa nyumba. Mwaka 2017 Human Rights Watch ilichapisha simulizi za wanawake 50 wa Kitanzania waliofanya kazi za ndani Oman na Falme za Kiarabu. Wapo waliosimulia kupigwa na mabosi wanawake. Tulizisoma habari hizo kwa uchungu, kama mambo ya ughaibuni.

Lakini katika nyumba za kupanga za Gongo la Mboto, ambako familia tano hugawana ua mmoja na bomba moja, kila mpangaji husikia. Mke akipigwa usiku, kuna atakayegonga mlango, na asubuhi suala litafika kwa mjumbe. Mume akimwagiwa maji ya moto, habari itakuwa kijiweni kabla ya saa sita mchana. Binti wa miaka kumi na minne aliyeletwa kutoka Singida akipigwa kwa mwiko kwa sababu maziwa yameungua, majirani huongeza sauti ya redio. Hana ndugu mtaani, hana simu, na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi hajui liko kituo gani. Mjumbe akipita na kuuliza kulikoni, anayetoka kumjibu mlangoni ni mama aliyemwajiri.